Insulini inatembea, chakula kimefungwa

Wadogo zangu, jana usiku nimekuta tena pampu ya insulini inatembea huku mpira wa puani, ule wa kumlishia mgonjwa, umefungwa tangu jioni. Nimezima mwenyewe. Sasa kaeni.

1. Mgonjwa wa ICU (wodi ya mahututi) hatumtafutii sukari ya mtu mzima wa afya. Tunaanza insulini sukari ikipita 10 mmol/L na kipimo cha pili kikija juu tena, tunalenga 7.8 hadi 10. Utafiti wa NICE-SUGAR wa 2009, wenye wagonjwa zaidi ya 6,000, ulikuta waliobanwa kwenye 4.5 hadi 6 walikufa zaidi. Kwa hiyo 9.4 saa nane usiku si habari ya kuniamsha.

2. Potasiamu kwanza. Kwa mwenye ketoasidosisi (kisukari kimejaza asidi kwenye damu), potasiamu ikiwa chini ya 3.5 mmol/L, insulini inasubiri.

3. Chakula kikisimama, macho kwenye pampu. Hapa mimi niliungua. Nikiwa intern, nilikuwa na mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yaliyovuruga mwili mzima), yuko kwenye mashine ya kupumulia, amelazwa kwa dawa za usingizi, insulini uniti 4 kwa saa. Akatakiwa kwenda skani. Nikafunga maziwa ya mpira wa puani, nikajiona makini kweli, nikasukuma kitanda na pampu juu yake. Lifti ikagoma. Huko chini foleni. Kipimo cha sukari cha kila saa nikakiruka kwa sababu glukomita niliiacha wodini, na mgonjwa, nikajiambia, ametulia. Ametulia! Aliyelazwa kwa dawa atakwambiaje kwamba kichwa kinamzunguka? Tuliporudi, sista mmoja wa siku nyingi alimchoma kidole kabla sijafunga breki za kitanda. 1.6. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Daktari, umemfungia chakula ukamwachia insulini?" na D50, sirinji ya glukosi nzito, tayari iko mkononi mwake. Niliisukuma ile sirinji nikitetemeka kama sukari iliyoshuka ni yangu. Mgonjwa alifumbua macho siku ya tatu, akamtambua mkewe. Mimi siku hizo tatu chai tu ndiyo ilipita.

4. Mwenye shoku (presha imeanguka), aliyevimba, vidole baridi: sukari ya kidole inadanganya. Vuta damu ya ateri.

5. Uniti 50 kwenye mili 50 za salaini, mwaga mili 20 za mwanzo kupitia mrija, maana plastiki nayo hunywa insulini. Na mpimie kwa sirinji ya insulini, jamani. Kuna mmoja wenu, simtaji, nilimkuta anavuta mili 5 za kichupa chenyewe, chenye uniti 100 kwa kila mili, kwa sirinji kubwa. Hiyo ni uniti 500, mwanangu. Sista alimpokonya kichupa, na mpaka leo huyo mwenzenu akiingia zamu, sista anakifungia kabatini.