Fosfeti kwenye tangi la samaki: anza na chakula
Dada, umesema unabadilisha maji kila wiki lakini kioo cha tangi lako hapo Chumbageni kinarudi kijani baada ya siku tatu. Kabla hujanunua dawa ya kuua mwani, tazama chakula. Huo unga wa dagaa unaowapa umesagwa pamoja na vichwa na mifupa, na fosfeti, yaani chumvi ya fosforasi inayorutubisha mwani, imejaa humo. Mimi nilikuwa namwaga kijiko kizima cha chai. Siku moja nikainamia kioo, nikaona vumbi lake limetanda juu ya mchanga kama majivu, samaki hata hawaligusi. Likioza, ndilo linalolisha mwani.

Wape kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Ukibadilisha robo ya maji, nyonya uchafu wa mchangani kwa mpira. Sponji ya filta ikamulie kwenye maji uliyoyatoa tangini, si ya bomba, maana klorini huua bakteria wazuri.

Pima fosfeti na kwenye maji ya bomba yenyewe kwa kipimo cha matone. Kama nayo yanageuka bluu iliyokolea, fosfeti ni nyingi humo, na kubadilisha maji peke yake hakutoshi. Weka chembechembe za oksidi ya chuma, zinazonasa fosfeti, kwenye filta, kidogo kidogo. Ila usilenge sifuri kama una mimea, nayo inahitaji fosfeti: miligramu 0.5 hadi 1 kwa lita si tatizo. Na tafadhali, tangi liondoe dirishani, jua la Tanga unalijua.