Usingoje mitihani iishe ndipo uache sigara

Wiki iliyopita kijana wa mwaka wa pili aliniandikia: "Kaka, sigara naiacha, ila nitaanza nikimaliza mitihani. Sasa hivi presha ni kubwa." Nilicheka, kisha nikakasirika kidogo, maana maneno hayo nayajua. Niliyasema muhula baada ya muhula, na masomo hayana mwisho: mitihani ikiisha inakuja tasnifu, tasnifu ikiisha kuna kuhangaika na kazi. Namjibu hapa hapa kwa sababu najua mko wengi.

Mimi sikuanza kwa kununua. Nilianza kwa kuomba pafu mbili tatu kijiweni, nyuma ya maktaba, nyakati za kukesha na vitini. Kwa kuwa mfukoni sikuwa na pakiti, nilijiita mvutaji wa kampani, na jina hilo lilinipa amani ya muda mrefu. Mpaka usiku mmoja, saa nane, nikajikuta nagonga milango ya bweni zima kumtafuta mwenye sigara. Mtu wa kampani haamshi watu usiku wa manane.

Hapo nikaanza kusoma kuhusu kitu chenyewe, kama ambavyo ningesoma somo lolote. Ukivuta moshi, nikotini, kile kilevi kilichomo kwenye tumbaku, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Kisha hupungua haraka damuni, nusu yake ikiondoka kila baada ya saa 2 hivi. Sasa kaa kwenye mtihani unaochukua muda wa saa 3 ufikirie. Ule mtapatapo unaokushika katikati, jasho la viganja, kusoma swali mara nne bila kulielewa, si lazima swali liwe gumu. Ni arosto, yaani mwili unadai nikotini iliyopungua. Ukitoka nje ukawasha, unatulia, halafu unaishukuru sigara kwa kukutuliza! Presha hiyo, kwa sehemu kubwa, ililetwa na sigara iliyotangulia. Na wanaoacha kabisa, baada ya wiki kadhaa, kwa kawaida huwa na wasiwasi mdogo kuliko wanaoendelea kuvuta.

Sisemi uache usiku wa kuamkia mtihani. Arosto huwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, akili kutotulia. Ndani ya wiki 2 hadi 4 makali huwa yamepungua sana. Kwa hiyo kama mtihani uko mwezi ujao, anza leo, utaingia chumbani ukiwa mwepesi. Hamu yenyewe ikija huwa ni ya dakika chache. Kunywa maji, panda ngazi, mpigie mtu simu, itapita.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini upesi. Ukiacha, kikombe kile kile ulichozoea kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unadunda, mikono inatetemeka, nawe unadhani ni sigara inakuita. Mimi nilipunguza kahawa kwa nusu, nikaanza tena kulala.

Nilitumia pia chingamu za nikotini, na walionicheka kwamba nimebadilisha sumu kwa sumu walikuwa hawajui wanachosema. Shirika la Afya Duniani liliziweka chingamu hizo, pamoja na viraka vya kubandika kwenye ngozi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Kinachoua zaidi ni moshi. Muulize mfamasia kiasi kinachokufaa, maana kinategemea unavuta kiasi gani.

Kwenye marafiki, kusema kweli, bado naumia. Nilipoacha kwenda kijiweni, walioniita ndugu hawakunitafuta tena. Mmoja akawa ananipulizia moshi usoni na kuniita mlokole wa mapafu, wenzake wanacheka. Leo baadhi yao wananitumia ujumbe faraghani kuniuliza niliwezaje. Ninawajibu, ila siwezi kusema sifurahii kuulizwa.

Basi nisikilizeni, wadogo zangu. Mtafiti wa afya Richard Doll na wenzake walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza mwaka 1951. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa takriban miaka 10 kuliko ambao hawakuvuta kamwe. Walioacha wakiwa na miaka 30 hivi waliikwepa karibu hasara yote hiyo. Walioacha na 60 waliokoa miaka 3 tu. Mwenye miaka 21 ana nafasi ambayo baba yake hana tena, halafu anakaa kunihadithia babu fulani aliyevuta mpaka akafika 90. Babu huyo alisalimika, wenzake aliovuta nao wako wapi? Wala msihamie shisha mkaniambia mmeacha. Nikotini ipo pale pale, na makaa yanaongeza kaboni monoksidi yake, gesi ya sumu.

Ukiteleza ukavuta moja, usinunue pakiti kesho yake kwa kisingizio kwamba umeshaharibu. Wengi walioacha kabisa walishawahi kujaribu na kushindwa. Niliowaona wakianguka, wengi walianguka wakiwa na chupa mkononi, kwa hiyo mwezi wa kwanza sherehe za vinywaji zikukose.