Nimeshaingia chuo, sasa nasomea nini?

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, simu yangu haijapumzika. Wiki hii nimechagua barua sita, nikazifupisha, na kila mwenye barua atajitambua. Kwa asiyenijua: nilisoma uhasibu, nikafanya kazi miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, na sasa nafundisha biashara na kusikiliza watoto wa watu. Saikolojia sikusomea.

Shikamoo shangazi. Niko mwaka wa kwanza chuoni, hapa Malimbe, nasoma sosholojia. Kwenye maombi niliijaza ya tatu, ndiyo ikanipata. Chumbani tuko wanne, wenzangu wote wanajua watakuwa nani: mmoja mwanasheria, mmoja mhasibu, mmoja mtangazaji. Mimi nikiulizwa nakaa kimya. Nihame kozi au nivumilie?

Marahaba mwanangu. Wenzako hawajui. Wana jibu la kumpa mjomba, basi. Anayesoma sheria akitaja kozi yake, mjomba anaridhika na maongezi yanahamia kwenye msiba wa jirani. Hakuna anayemuuliza kama anafahamu kwamba baada ya shahada kuna mafunzo ya uanasheria kwa vitendo Dar es Salaam kabla hajaitwa wakili. Mhasibu naye haulizwi amejiandaaje na mitihani ya bodi, ile ya NBAA, inayowatoa watu jasho wakiwa na watoto wawili na mkopo wa benki. Majina ya kozi zao yanafanana na majina ya kazi, wamejificha humo. Sosholojia haina kichaka cha namna hiyo, ndiyo maana wewe umebaki uwanjani peke yako.

Sasa tutenganishe mambo mawili uliyoyafunga kwenye fundo moja. Unaichukia kozi, au hujui kazi yake? Jipime hivi: ni kipindi gani ungeingia hata kama karatasi ya mahudhurio isingepitishwa? Kama hakipo hata kimoja, na kila ukifungua noti unasinzia, hama mapema, kabla hujaanza kukusanya sapu, ile mitihani ya kurudia. Lakini kama vipindi unavifurahia na kinachokutesa ni lile swali la mjomba, kuhama hakutakusaidia. Utaenda uchumi na kukaa kimya hukohuko.

Kazi zipo, ila hazijaandikwa sosholojia mlangoni. Ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, unadhani nani anavizungukia vikundi, anasuluhisha ugomvi wa katibu na mweka hazina, anafuatilia marejesho? Afisa maendeleo ya jamii. Mradi wowote mkubwa unaogusa ardhi ya watu, iwe reli au barabara, kabla greda halijawashwa kuna mtu amekaa chini ya mwembe na wazee wakizungumza fidia, mipaka na makaburi. Mtu huyo akikosea, greda linasimama.

Likizo hii usirudi nyumbani siku ya kwanza. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii, ya Jiji au ya Manispaa ya Ilemela, omba umfuate afisa mmoja kwenye vikundi vyake kwa siku tatu. Vaa viatu vya kutembelea. Utarudi na jibu, hata likiwa ni "kazi hii siiwezi". Hilo nalo ni jibu.

Shikamoo. Natoka Sengerema. Nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) ili niwe daktari, lakini ufaulu haukufikia. Nimepata nafasi ya kusomea mambo ya uvuvi na ufugaji wa viumbe maji. Mama amelia siku mbili. Anasema hakuuza ng'ombe ili mimi nikavue samaki, maana baba yake alivua bila cheti. Je, hii ni kozi ya maana?

Marahaba. Barua yako niliisoma mara mbili nikitafuta neno "nataka". Nimelikuta mara moja, na anayetaka ni mama.

Tumalize la udaktari kwanza. Ni miaka mitano ya masomo na mmoja wa mafunzo kazini. Kama kweli moyo wako uko kwa wagonjwa, ipo stashahada ya utabibu ya miaka mitatu. Wapo matabibu waliopandia ngazi hiyo, taratibu, wakafika. Lakini kama udaktari ulikuwa ni wa mama na wa majirani, usiutumie kama fimbo ya kuipigia kozi uliyopata.

Mama akisikia uvuvi anaona suruali iliyokunjwa magotini na wavu uliotoboka. Simlaumu, ndivyo alivyomwona baba yake. Mimi pia nilipopangiwa fildi, yale mafunzo ya vitendo, kiwandani nililia chooni. Nilikuwa nimejiandaa kwa meza na kikokotozi, nikapewa buti nyeupe, koti zito na katoni za minofu za kuhesabu kwenye chumba cha baridi. Wiki ya nne nilianza kuelewa kwamba mwenye sauti kiwandani si meneja, ni msichana mmoja mwembamba wa maabara. Akisema mzigo huu hautoki, hautoki, hata kama ndege inasubiri.

Sababu yake ni hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu zaidi ya mara moja: mara hofu ya vimelea na kipindupindu, mara habari za watu waliovua kwa sumu. Watu wa Mwanza wa umri wangu wanakumbuka viwanda vilivyonyamaza na vijana waliorudi vijijini. Kilichofungua tena njia hakikuwa nyavu mpya. Ni wakaguzi, maabara, barafu kwenye mialo na karatasi zinazoonyesha samaki alikotoka. Kazi hizo zinahitaji mtu mwenye biolojia na kemia kichwani, na wewe uliyetoka PCB unazo.

Halafu kuna vizimba. Ukipita kandokando ya ziwa siku hizi utaona fremu zinaelea, ndani yake sato. Kwa mbali ni kazi rahisi, kumwaga chakula tu. Muulize aliyepoteza kizimba kizima kwa usiku mmoja. Maji ya chini yasiyo na hewa yakipanda juu, samaki wa ziwani anakimbia, wa kizimbani hana pa kwenda. Mwenye kizimba anahitaji mtu wa kumwambia wapi pa kukiweka, samaki wangapi wakae humo, chakula kiasi gani kwa uzito gani, na lini avune kabla hali haijawa mbaya. Wenye mtaji wa vizimba wapo. Wenye elimu ya vizimba ni wa kutafuta.

Sitakuficha upande wa pili. Sangara wamepungua, na vipo viwanda vilivyofanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa samaki. Nafasi za maofisa uvuvi serikalini hazitangazwi kila mwezi. Ukiingia kozi hii ukisubiri barua ya ajira, unaweza kusubiri sana. Ukiingia ukitaka kujua maji, utakuwa na pa kuanzia.

Chukua siku moja na mama. Kivuko hakiwezi kuwa kisingizio tena, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025. Mlete Nyegezi, kwenye chuo cha uvuvi, aone vijana waliovaa makoti meupe. Kisha mtafute mwenye kizimba, mama amuulize mwenyewe gunia la chakula ni shilingi ngapi na mavuno yanauzwaje. Aliyeuza ng'ombe hesabu hiyo anaijua kuliko mimi na wewe.

Nikihama kozi, mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) unanifuata?

Usiguse kitu kwenye mfumo kabla hujafika ofisi ya mikopo ya chuo chako. Kuhama kuna dirisha lake, na mkopo ulipangwa ukiwa kwenye kozi fulani, kwa hiyo taarifa zote mbili lazima ziende pamoja. Mwanafunzi anayehama kimyakimya ndiye anayekuja kunililia bumu, pesa ya kujikimu, likichelewa. Ukumbuke pia kwamba ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Mwaka unaoongeza chuoni unaongeza na hilo.

Mama shikamoo. Namaliza mwaka wa tatu, uhasibu, GPA yangu 3.1. Nasikia chini ya 3.5 hata usaili huitwi. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na tangu mwaka wa kwanza mimi ndiye namwandikia hesabu. Sijawahi kumwambia mtu darasani. Natafuta kazi ya ofisini lakini moyoni nafikiria dagaa. Nitakuwa nimepoteza miaka mitatu?

Marahaba. Tuanze na 3.1. Ni daraja la pili la chini, siyo ugonjwa. Ukitaka kubaki chuoni ufundishe, hapo imekukata kweli. Wapo na waajiri wanaochuja kwa 3.5 kwa sababu wamepokea maombi mengi na wamechoka kusoma. Lakini mhasibu anayepita mitihani ya bodi, sijaona akiulizwa sana habari za mwaka wa pili alikofeli takwimu.

Nirudi kwenye ile sentensi uliyoificha katikati. Miaka mitatu unaandika hesabu za Mwaloni na humwambii mtu! Wenzako wameandika ripoti za fildi kuhusu ofisi walizotumwa chai. Wewe umeshika daftari la biashara inayovuka mipaka, yenye wanunuzi wa mpaka Kongo. Nikikuuliza sasa hivi, najua utaweza kunijibu: mwezi ukiwa mpevu mama anaishije? Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala ufukweni, mzigo unakuwa haba, bei inapanda, na mwenye mtaji mdogo anakula mtaji. Ikija mvua, dagaa walioanikwa wanaharibika wakageuka chakula cha kuku. Waliokauka juu ya chanja wana bei yao, wa mchangani wana yao. Hesabu ya namna hiyo, yenye mwezi, mvua na mchanga ndani yake, mimi sikufundishwa darasani, na siwezi kusema naifundisha vizuri.

Kwa hiyo fanya hivi. Lichukue daftari la mama, la miezi kumi na miwili, uliandike upya kama ulivyofundishwa: mtaji, gharama, hasara ya mvua, faida ya kila kipindi cha giza. Toa na mshahara wako humo, maana biashara nyingi za familia zinaonekana zina faida kwa sababu kuna mtoto anafanya kazi bure. Kikibaki kitu baada ya kukulipa wewe, unayo biashara ya kukaa nayo. Kisipobaki, omba kazi, na daftari hilohilo ubebe kwenye usaili. Mwenye kiwanda akiliona atakuuliza maswali mengi kuliko ya GPA. Mama yako naye mwambie darasani umeanza kumtaja. Wabeja kwa barua nzuri.

Nina shahada ya utawala. Nikienda VETA, chuo cha ufundi stadi, kujifunza ufundi nitachekwa?

Utachekwa wiki mbili hivi, kisha waliokucheka wataleta friji zao. Kama unapenda kazi za mikono na hujui pa kuanzia, ulizia pia chuo cha teknolojia cha DIT, kampasi ya hapa Mwanza, wanafundisha teknolojia ya ngozi. Kanda yote hii imejaa ng'ombe na viatu bado tunanunua Mlango Mmoja, mitumba. Jambo hili linanikera kila nikipita pale.

Dada, mimi ni mzazi, Igoma. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, HGL, anajaza maombi. Nimemwambia achague kozi yenye ajira, yeye anasema hajui anachotaka. Nitajie kozi yenye ajira tumalize.

Kaka, ningeijua ningekuwa nimewapeleka wanangu wote huko. Nikukumbushe ya ualimu. Shule za kata zilipojengwa kwa wingi, kuanzia 2004, aliyesomea ualimu alisubiri tu tangazo la kupangiwa kituo. Wazazi tukawasukuma watoto wote huko, hata wasioweza kukaa na mtoto mmoja kwa saa nzima. Leo mwalimu anaomba, anasubiri, anaitwa kwenye usaili pamoja na umati. Kozi haikubadilika. Foleni ndiyo iliyorefuka, na ilirefuka kwa sababu sote tuliambiana kwamba ni fupi.

Mtoto wa miaka kumi na tisa kutojua anachotaka siyo ukaidi. Amesoma historia, jiografia na lugha, kazi alizowahi kuziona kwa karibu ni ya mwalimu wake na ya kwako. Kabla dirisha la maombi halijafungwa, mpeleke akakae nusu siku nusu siku na watu watatu unaowafahamu: wa ofisini, wa sokoni na wa hospitali. Usiende naye, utajibu maswali kwa niaba yake. Akirudi usimuulize kazi ipi ina hela. Muulize ni wapi muda ulikwenda bila yeye kuona.

Na maombi ajaze mwenyewe. Najua mtaani kuna steshenari anayejazia watu kwa haraka, lakini wengine wanaweka namba zao za simu na nywila wanazozisahau jioni. Mwaka jana binti mmoja alipata vyuo viwili, ujumbe wa namba ya kuthibitisha ukaenda kwa kijana wa steshenari aliyekuwa amesafiri kwao Ukerewe, na simu yake haikupatikana. Siku zikaisha. Weka namba ya binti yako.