Kanivali ya Mombasa na watoto watatu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tunaishi Umoja hapa Nairobi. Mume wangu amepata likizo Novemba, na watoto (miaka 4, 7 na 12) wanalilia kanivali ya Mombasa. Mama mkwe anataka kwenda pia, ingawa magoti yanamsumbua. Je, sherehe zile zinafaa watoto, au tutajitafutia taabu? – Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Zinafaa, mradi msitake kuona kila kitu. Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, japo Nairobi ndiyo imenizeesha, na kila mwaka naona wageni wakikokota watoto juani saa saba mchana.

Kanivali ni maandamano ya ngoma na magari yaliyopambwa. Watu hujazana chini ya zile pembe kubwa za Moi Avenue kupiga picha, na huyo wa miaka 4 ataona viuno vya watu tu. Simameni mbali nazo, penye kivuli. Mtoto akianza kununa, ondokeni.

Kubwa zaidi ni bahari, na hapo tazameni mwezi kabla ya kutazama ratiba ya sherehe. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua: Mombasa maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na jioni kama saa kumi yamejaa hadi juu ufuoni. Asubuhi hiyo watoto watacheza kwenye vidimbwi wakitafuta kaa, lakini wavae viatu, maana kuna vidudu vya miiba mieusi vinavyochoma vibaya. Mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa jioni, wala hayaendi mbali. Kule Pirates, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kubalianeni bei kabla mtoto hajapanda ngamia au kushika boya. Akishapanda, bei ni ya mwenye ngamia.

Fort Jesus nendeni mapema asubuhi. Mreno alianza kuijenga 1593. Kijana wa miaka 12 atauliza maswali, wadogo watapanda mizinga.

Mama mkwe mwekeeni jioni ya kwenye ufuo wa Mama Ngina. Tuktuk itamshusha karibu, akae chini ya mibuyu ale mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, huku meli zikiingia bandari ya Kilindini. Mimi ningeanzia hapo, kanivali baadaye.

Treni chagueni ile ya asubuhi inayosimama Mtito Andei na Voi, wadogo wakae dirishani wawahesabu ndovu wa Tsavo. Ya usiku huwafikisha stesheni ya Miritini saa za kulala, na Miritini si mjini. Wa miaka 12 analipa nauli ya mtu mzima. Nusu ni kwa wa miaka 3 hadi 11. Tarehe ya kanivali ikishatangazwa, kateni tiketi za kwenda na kurudi pamoja, kwa sababu za kurudi Jumapili ndizo huisha kwanza.