Maganda ya machungwa: kwa nini kuchemsha hakutoshi

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama wakamuaji wa juisi ya machungwa, na maganda tunayatupa kwa magunia. Tuliposikia kwamba yana antioksidanti (kemikali zinazopunguza uharibifu unaoletwa na oksijeni) tuliyachemsha kwa saa mbili, tukapata maji ya kahawia, yenye uteute na machungu mno. Je, ndiyo yenyewe, na uchungu huo ni dalili ya nguvu yake? — Msomaji, Muheza, Tanga

JIBU: Ndugu yetu, antioksidanti mmezipata, ila zimefunikwa na mengine. Uteute huo ni pektini, ile ile inayogandisha jemu, nayo huyeyuka katika maji ya moto. Uchungu usiwadanganye: katika chungwa tamu hutokana zaidi na kemikali iitwayo limonini, ilhali hesperidini, iliyo nyingi kuliko zote katika ganda hilo miongoni mwa flavonoidi (kundi la antioksidanti za mimea), haina uchungu. Rangi ya kahawia imeletwa na moto wa muda mrefu, ambao pia umeharibu vitamini C.

Kazi hii mara nyingi huharibikia kwenye kukausha. Osheni maganda siku ile ile ya kukamua, yakateni vipande vyembamba, yakausheni kwenye kikaushio kwa nyuzijoto 50 hadi 60 mpaka yavunjike mkononi, kisha yasageni, kwa sababu ganda bichi likilala huota ukungu na vimeng'enya vyake huendelea kula fenoli, yaani kemikali za jamii ya flavonoidi hizo mnazozitafuta.

Katika maabara, sehemu moja ya unga hulowekwa katika sehemu kumi za mchanganyiko wa ethanoli (aina ya alkoholi) na maji, wenye ethanoli ya takriban asilimia 70, kwa joto lisilozidi nyuzi 60, huku ukikorogwa kwa muda wa saa moja, kisha huchujwa. Pektini haiyeyuki katika ethanoli, ndiyo maana mchujo hutoka bila uteute. Spiriti ya dukani iliyotiwa methanoli, alkoholi yenye sumu, isitumike kamwe, kwani methanoli hupofusha na kuua. Na hata ethanoli safi hushika moto upesi, hivyo isiwekwe karibu na jiko.

Iwapo shabaha yenu ni hesperidini, ambayo mkemia Mfaransa Lebreton aliitenga mwaka 1828 kutoka katika sehemu nyeupe ya ganda, ipo njia isiyohitaji ethanoli, nami naiona inawafaa zaidi. Maganda hulowekwa katika maji ya chokaa yenye pH (kipimo cha uasidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ya takriban 11, hesperidini ikayeyuka. Maji hayo yakichujwa na kutiwa asidi hadi pH ishuke kwenye 4 au 5, hesperidini hujitenga polepole kama chembe za fuwele na kutuama chini. Machungwa machanga yanayopukutika shambani yana hesperidini nyingi zaidi kwa uzito kuliko yaliyoiva, kwa hiyo nayo yaokotwe.

Msiyauze mazao hayo kama dawa ya ugonjwa wowote. Chakula na vipodozi husajiliwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kila moja kwa masharti yake.

Na kabla ya kununua hata chokaa, waulizeni wakulima wenu walinyunyizia viuatilifu gani na lini, kwa sababu masalia yake hukaa kwenye ganda, na kimiminika kinachovuta fenoli kinaweza kuyavuta na hayo.