Wadogo zangu wa S.1, kidato cha kwanza, karibuni benchi letu

Poleni na safari. Najua sasa hivi mmekaa juu ya masanduku yenu mapya ya bati mkisubiri kuonyeshwa vitanda, na kuna mmoja anajifanya macho yanamwasha. Sisi tuliingia hapo Februari 2018, tukafanya mtihani wa mwisho wa S.6 mwaka 2024. Hesabuni wenyewe: miaka sita ya sekondari ilitufikia saba, mmoja ukamezwa na korona. Wenzangu wamenituma niwaandikie kwa sababu, wanasema, darasani mimi ndiye niliyekuwa na maneno mengi.

Nianze na aibu yangu. Mimi ni mtoto wa Busia, mji wa mpakani mwa Uganda na Kenya. Kule mpakani Kiswahili hakifundishwi, kinaokotwa: kwa madereva wa malori, kwa wabadilisha fedha, kwa akina mama wa mukene, wale dagaa wa ziwani. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili alipoingia, nilikaa nyuma nikanyoosha miguu, nikijua hapa ni nyumbani. Jaribio la kwanza nilipata 38. Nilikuwa nimejaza "mtoto yangu" na "vitu hii" kutoka juu hadi chini, na kila moja ilizungushiwa wino mwekundu mpaka karatasi ikaonekana kama imeugua surua. Aliyeongoza, kwa 81, alikuwa msichana kutoka Lira. Kwao wanazungumza Kilango, na kabla ya S.1 Kiswahili alikisikia kwa wanajeshi tu.

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikabeba kiti changu nikakaa karibu naye.

Tulipatana hivi. Yeye alijua ngeli lakini mtu akiongea haraka alibaki anakodoa macho. Mimi nilikuwa na mdomo bila ngeli. Wakati wa posho, yaani ugali, na maharagwe nilimhadithia vituko vya Busia kwa kasi ya kondakta wa matatu, naye arudie. Jioni yeye alichora mistari nyuma ya daftari langu, kiti–viti, mti–miti, kisha anafunika upande mmoja kwa kiganja na kunisubiri. Alikuwa hana huruma. Muhula wa tatu nilipata 70, naye alianza kucheka kabla sijafika mwisho wa kisa.

Basi kila mlichosikia kuhusu kusoma kwa bidii ni sawa, lakini ningewaomba jambo hili moja mlifanye wiki hii hii: tafuteni ni nani darasani ana kile ambacho wewe huna, halafu umpelekee ulicho nacho. Usiende mikono mitupu. Yule wa hesabu kutoka Kapchorwa alikuwa anaombwa majibu na kila mtu hadi akaanza kujificha nyuma ya maktaba. Aliyempata hatimaye ni mvulana aliyemsahihishia insha zake za Kiingereza. Na nyinyi Kiswahili ni cha lazima S.1 na S.2 katika mtaala mpya, kwa hiyo watoto wa Busia, wa Malaba na wa Arua mna bidhaa ya kuuza. Msilale nyuma kama mimi.

Sasa korona. Tangazo lilitoka Jumatano, 18 Machi 2020, shule zifungwe kwa siku 30. Tulikuwa S.3. Mimi nilibeba nguo chafu na redio ndogo, madaftari nikayafungia sandukuni, maana siku 30 ni nini? Wenzangu warudi Machi 2021, wafungwe tena Juni, nami nirudi 10 Januari 2022, tayari tunaitwa S.4. Muda huo wote niliuza mukene na shangazi yangu. Hela ni tamu ukiwa na miaka kumi na sita, asikudanganye mtu. Wapo wenzetu walioishika pikipiki ya boda boda hawakuiachia tena, na siwahukumu. Nilirudi kwa sababu shangazi alikataa kunilipa mwezi wa mwisho mpaka anione na sare.

Nilipofungua sanduku, madaftari yalikuwa mazima. Shida ni kwamba sikuyaelewa. Nilikuwa nimenakili ubao neno kwa neno, na mwandiko mzuri kabisa, na hakuna hata sentensi moja iliyokuwa yangu. Jirani yangu wa benchi daftari lake la baiolojia lilikuwa la ovyo, limejaa mishale na maneno kama "hapa mwalimu alikohoa, uliza tena". Lakini alilisoma jioni moja akakumbuka. Tangu hapo, kila prepu, kipindi cha kujisomea jioni, nilifunga daftari na kuandika mistari mitatu ya somo la siku kwa maneno yangu. Mitatu tu. Ukishindwa hata mitatu, hapo ndipo pa kuuliza kesho.

Kuna la pili nililojifunza mwaka huo na si la masomo. Dada mmoja wa darasa letu alirudi akiwa amejifungua, mtoto kamwacha kwa bibi yake. Bwenini walimcheka, na darasani pia. Sitawaficha, nami nilicheka. Alifanya UCE, mtihani wa mwisho wa S.4, nasi mwaka huo na akanipita kwa mbali. Mkimpata wa namna hiyo kati yenu, mpeni nafasi kwenye benchi mapema.

S.5 nawaambia haraka kwa sababu bado iko mbali. Mjomba alitaka daktari, nikachukua PCB, fizikia, kemia na baiolojia. Kwa alama za wakati wetu A ilikuwa pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O 1, kwa kila moja ya masomo matatu, ukijumlisha pointi 1 ya General Paper, somo la maarifa ya jumla, na 1 ya ICT au hesabu ndogo, jumla ya juu kabisa ni 20. Mtihani wa kwanza wa majaribio nilikusanya pointi zinazotosha kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Nikahamia HEG, historia, uchumi na jiografia, wiki ya tatu, huku mwalimu mkuu akilalamika kwamba nimechelewa. Mjomba hakunisemesha hadi Krismasi. Angalau yeye alipona, hasira zikaisha.

Kuhusu mitihani yenu ya S.4 sina cha kujidai. Sisi tulikuwa wa mtaala wa zamani, wa divisheni, na kila kitu kiliamuliwa na karatasi za mwisho. Kwenu asilimia 20 inatokana na kazi za shuleni, na 80 ndiyo mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Mdogo wangu alichezea mradi wake, akidhani atauandika usiku mmoja kama sisi tulivyokuwa tunafanya. Muulizeni yaliyompata.

Vya bwenini: jerikeni andika jina kwa msumari uliopashwa moto, maana kalamu hufutika Jumamosi ya kwanza ya kufua. Leteni kufuli mbili. Sahani usimwazime mtu, hata akiwa ndugu.

Sanduku langu nimeliacha kwa metroni, la buluu, lenye mbonyeo upande mmoja na ngeli nyuma ya kifuniko, zimeandikwa kwa wino wa msichana wa Lira. Nimemwambia ampe yeyote atakayefika na mfuko wa salfeti. Ukilipata, jua kufuli yake ina ukaidi: usizungushe ufunguo moja kwa moja. Isukume kwanza juu kidogo kwa kidole gumba, usikie inalia, ndipo uzungushe.