Mwalimu, Ukirudi Ng'ambo Anza Kushukuru Chumba cha Walimu

Mwalimu anayerudi Lamu kutoka ng'ambo hupokewa mara mbili. Kwanza ni Mokowe, gati ya upande wa bara, ambako jamaa huja na boti kumlaki na kugombania mabegi. Kisha ni chumba cha walimu, mbele ya wenzake waliokuwa wakimshikia vipindi. Mapokezi ya kwanza hayahitaji ushauri wa mtu. Ninayotaka kuyasemea ni haya ya pili.

Nilikwenda Ohio, Marekani, kwa programu ya Fulbright ya walimu wa sekondari. Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi na nchi nyingine, ilianzishwa kwa sheria mwaka 1946, kwa juhudi za seneta J. William Fulbright, na mpango huu wa walimu huchukua wiki sita. Unasoma mbinu za kufundisha chuoni, na siku nyingine unaingia shule ya sekondari ya karibu ukikaa na mwalimu mwenyeji. Nauli, malazi na bima hulipwa. Kwa hivyo ni rahisi mtu kudhani deni lake lote liko Marekani. Langu kubwa lilikuwa hapa nyumbani.

Safari yetu iliangukia muhula wa kwanza. Mwenzangu wa Kiingereza alichukua kidato changu cha nne juu ya vipindi vyake mwenyewe, akasahihisha insha zao usiku baada ya kulaza wanawe. Hakupewa cheti wala marupurupu. Mtu kama huyo usimletee chokoleti ukadhani mmemalizana. Mtajie alichokifanya, mbele ya mwalimu mkuu, kisha umshikie vipindi vyake naye apumzike. Nilifanya hivyo, na urafiki wetu umekuwa wa kindugu tangu hapo.

Wenyeji wa kule nao waandikie mapema, na uwe mahususi. "Asante kwa kila kitu" haimwambii mtu chochote. Mwalimu mwenyeji wangu nilimwandikia kuhusu vikaratasi. Kila kipindi kikikaribia kwisha aliwagawia wanafunzi kikaratasi kidogo, kila mmoja akaandika alichoelewa na kilichompita, akamkabidhi mlangoni akitoka. Huku nakata kalenda kuukuu, nyuma yake kweupe. Wiki ya kwanza msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sijawahi kusikia sauti yake darasani, aliandika: "Mwalimu, nilipotea ulipofuta ubao." Nilirudia somo lote kesho yake. Nikaupiga picha mwandiko wake, bila jina, nikaituma Ohio. Mwenyeji wangu alinijibu kwamba ameionyesha darasa lake.

Ila kushukuru si kusifu kila ulichokiona. Shuleni kwao nilikuta zoezi la kujikinga endapo mtu mwenye bunduki ataingia. Mlango ulifungwa, taa zikazimwa, watoto wakakaa sakafuni kimya, wamebanana ukutani. Nilimwambia mwenyeji wangu wazi kwamba nimeumia. Alishika mkono wangu, akasema yeye huumia kila mara. Ningelinyamazia hilo kwa adabu ya ugeni, tungebaki mgeni na mwenyeji tu.

Na ukirudi, tafadhali, punguza "kule Marekani". Wenzako wana madarasa yaliyofurika na vitabu vya kugawana. Ukilinganisha kila saa, wanachosikia ni kwamba kazi yao haina thamani, na hata mbinu nzuri wataikataa. Mimi vikaratasi sikuvihubiri. Nilivitumia tu, hadi mwalimu wa hesabu alipouliza vile vipande vya kalenda ni vya nini.

Waliokupeleka nao washukuru kwa kuwafungulia wengine njia. Kwa Kenya, maombi hupitia Ubalozi wa Marekani, Nairobi. Niko tayari kusoma rasimu za wanaotaka kuomba, hasa walimu wa Faza, Kizingitini na Kiunga, ambako habari za nafasi hizi huchelewa kufika. Usianze insha yako na umaskini wa shule. Anza na jambo moja unalolifanya vizuri darasani, ulieleze mpaka msomaji alione. Ukifika pa kueleza utawafaa vipi wenzako ukirudi, weka kalamu chini, nenda chumba cha walimu ukawaulize wanataka nini, kisha andika walichokujibu.